Kutembea Bila Kutumwa

Mumbua binti Musyoka hakuwa mtu wa kubabaika. Mbegu za mtama alizichagua moja moja, mtungi aliugonga kwanza kwa kidole kabla hajautia maji, na maneno ya watu aliyachuja kabla hajayameza. Basi mwanamke huyo mwenye akili zake timamu, kwa siku mbili nzima, miaka ile ya thelathini, nzige wamekuja wakala wakaondoka, hakujua mbele ni wapi wala nyuma ni wapi. Hata alipokuwa bibi kizee asiye na meno, ukimtajia safari ile alitikisa kichwa akasema, "Siku zile mbili mimi sikuwa na akili. Nilikuwa na miguu tu."

Acheni niwaeleze, maana wengi huisimulia vibaya na kuitia chumvi.

Mumbua alizaliwa ng'ambo ya mto Athi, juu kidogo ya Kathonzweni. Msidhani ni Kathonzweni ya maduka. Siku zile palikuwa pori tupu na maboma machache ya watu waliofuata malisho. Akaolewa upande wa Kitui, huku Kanyangi, na Ndeti wa Nzomo. Ndeti alikuwa mrina asali na mwindaji, mrefu, mkimya, mtu wa kusema maneno matatu akidhani ametoa hotuba. Kabla ya kuoa alivunja mawe ya reli kule Kibwezi, na Kiswahili chake chote alikiokota huko. Ndiyo maana mbwa wake watatu waliitwa Haraka, Kesho na Bado. Haraka ndilo neno aliloamshwa nalo na mnyapara kila asubuhi. Kesho ndilo alilojibiwa alipoomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Na Bado ndilo alilojibiwa hiyo kesho ilipofika.

Walikaa miaka sita, mtoto hakuna. Ndeti hakusema kitu. Mama yake, Ndinda, naye hakusema kitu, lakini alikuwa akipumua. Mnaijua ile pumzi ya mama mkwe akimwona mtoto wa jirani anapita? Basi hiyo. Mumbua alimpenda mume wake, na hofu yake ilikuwa moja tu, hakuwa na nyingine: kwamba ipo asubuhi moja Ndeti ataamka na kumrudisha kwao. Alilala nayo, akaamka nayo, akaenda nayo mtoni.

Asubuhi ikafika. Ndeti alitoka nje, akasimama mlangoni akiitazama njia kwa muda mrefu, kisha akarudi ndani akachukua upinde na podo la mishale.

"Mumbua," akasema, "funga kiondo. Twende."

"Nibebe nini?"

"Chako tu."

Chako tu! Jamani, mwanamke ambaye hajazaa miaka sita, aambiwe na mume wake afunge kilicho chake tu, asikie nini kingine? Alitaka kuuliza wanakwenda wapi, lakini alilelewa vizuri, na hapo ndipo malezi mazuri yalipomponza. Mwanamume aliyeshika upinde haulizwi aendako. Ukimuuliza, umemharibia njia. Mshale utakwenda kombo, na nyoka watamkata miguu. Waswahili husema kuuliza si ujinga, lakini Waswahili hawakuishi na wawindaji. Mumbua akafunga midomo, akafunga na kiondo: kibuyu chake, shuka yake moja, unga kidogo, na kisu alichopewa na mama yake.

Walipopita ghalani, Ndinda alikuwa ameinama akipepeta. Hakuinua hata kichwa. Alisema tu, "Eh! Afadhali."

Baadaye sana ilijulikana kwamba Ndinda alikuwa akiwaambia mbwa, maana wiki hiyo walikuwa wamempindulia kibuyu cha samli wakakiramba mpaka ndani. Lakini Mumbua angejuaje? Neno lile lilimchoma kama mwiba wa mgunga, na machozi yakaja mpaka kwenye kope, akayazuia hapo hapo.

Nje ya boma mambo yakazidi kuchanganyika. Desturi ni mwanamume atangulie na upinde wake, mke afuate na mzigo. Ndeti akasimama kando. "Tangulia wewe," akasema. Mumbua akatangulia. Akasikia nyayo za mume nyuma yake, na nyuma ya mume mbwa watatu, akajiwazia: hivi ndivyo mtu anavyoswaga ng'ombe asiyemtaka tena.

Hawakwenda mbali wakafika njia panda. Mkono mmoja njia inateremkia mto Tiva na kwenda mjini Kitui. Mkono mwingine inapanda uwanda wa Yatta, na ukiifuata siku mbili unafika kwa kina Mumbua.

"Tushike ipi?" Ndeti akauliza.

Mumbua alimgeukia. Alimtazama yule mwanamume usoni, na uso ulikuwa mweupe tu, hauna hila, unangoja jibu. Hasira zikampanda. Kumbe mpaka njia anataka niitaje mimi, kwa mdomo wangu, ili akifika mbele ya wazee aseme nilitaka mwenyewe! Sawa. Atanikuta. Binti Musyoka haburutwi.

"Hii," akasema, akionyesha ya kwao.

"Haya," Ndeti akajibu, na mnajua alifanya nini? Akapiga mluzi.

Siku nzima ile Mumbua alijaribu kupanga mawazo yake yakakataa kupangika. Mtu anayekurudisha kwenu hukaza uso, hutembea upesi, hataki maneno. Huyu wake alikuwa akisimama kila hatua. Alisimama kutazama ndege. Alisimama kumcheka Bado, aliyefukuza paa mdogo na kurudi na mwiba puani. Alikata tunda la mbuyu, akalipasua juu ya jiwe na kumpa nusu kubwa. Kule juu Yatta, ambako uwanda ni mpana na upepo hauna pa kujificha, alikuwa na mzinga wake juu ya mti. Akawasha moshi, akapanda, akashuka na masega. Akachagua lile la katikati, jeupe, lisilo na makinda ya nyuki, ambalo mrina humwekea mzee anayemheshimu, akamtilia Mumbua mkononi.

"Kula likiwa na joto," akasema.

Mumbua alikula. Asali ilikuwa tamu kupita kiasi, na alichukia utamu wake. Kwa nini anipe hili? Ananiaga? Hata mbuzi wa kuchinjwa hupewa chumvi siku ya mwisho. Au labda ana aibu. Au labda, na wazo hili alilifukuza upesi kabla halijakaa chini, labda hanirudishi. Lakini kama hanirudishi, tunakwenda wapi? Na kama tunakwenda mahali, kwa nini hatufiki? Akala tena.

Wakiwa hapo ndipo alipopita Keinan, mfanyabiashara wa mifugo, Msomali aliyejulikana Kitui nzima kwa punda wake wawili na kwa kutopitwa na habari. Alikuwa akienda ng'ambo kununua mbuzi.

"Ndeti! Habari ya njia? Mnakwenda wapi?"

"Tunatembea."

"Kuna msiba?"

"Hapana."

"Kesi?"

"Hakuna kitu, Keinan. Tunatembea tu."

Keinan alimtazama Ndeti, akatazama kile kiondo kilichofungwa kamba, kisha akamtazama Mumbua, ambaye macho yake yalikuwa mekundu.

"Ni moshi wa nyuki," Mumbua akasema, na sauti ikamkatika katikati.

"Moshi," Keinan akasema polepole. "Na kwenu ni wapi, mama?"

"Kwa Musyoka. Juu ya Kathonzweni."

Yule mtu akapiga ulimi mdomoni, tsk, akafungua mfuko wa punda na kumpa tende tano. "Pole, mama," akasema. "Mungu ni mkubwa." Akawapiga punda wake akaenda, tena kwa mwendo wa mtu mwenye habari. Ndeti alibaki akilamba vidole, hajaelewa hata kidogo kwa nini mke wake amepewa pole na tende.

Walilala ukingoni mwa uwanda, moto mbele, mbwa pembeni. Ndeti alizungumza usiku ule zaidi ya miaka sita yote: jinsi treni inavyonguruma kabla hujaiona, jinsi chemchemi za Kibwezi zinavyotoa maji baridi kutoka kwenye mawe meusi. Mumbua aliyasikia nusu. Nusu nyingine ya masikio yake ilikuwa ikingoja lile neno lenyewe litoke, na halikutoka.

Siku ya pili wakaushukia Athi. Ilikuwa kiangazi, maji yanafika mapajani, lakini mamba hawana kiangazi. Ndeti akarusha mawe, mbwa wakabweka, maji yakatulia. Kesho na Bado wakavuka. Haraka akakaa kitako ukingoni akakataa katakata. Kaitwa, kabembelezwa, katukanwa, wapi! Mwishowe Ndeti akamtwika mabegani kama mbuzi, akaingia mtoni, na katikati kabisa mbwa akaamua kumlamba sikio. Ndeti aliteleza. Waliingia majini wote wawili, wakatoka wote wawili, na aliyetoka juu ni mbwa, amesimama kifuani pa bwana wake.

Mumbua alicheka. Alicheka mpaka akakalia jiwe, mpaka mbavu zikamuuma, na Ndeti naye, kilemba cha majani ya mtoni kichwani, akacheka akiwa ndani ya maji. Wakatazamana. Kwa kitambo kidogo pale mtoni Mumbua alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu aolewe. Kisha akakumbuka anakopelekwa, na kicheko kikamkauka mdomoni. Alimwonea hasira mtu huyu. Kama unanitupa, nitupe vizuri, usinichekeshe kwanza!

Ng'ambo ya mto kulikuwa na njia panda nyingine. Moja inateremka kusini, kuelekea Kibwezi kwenye reli. Nyingine inapanda Kathonzweni.

"Haya," Ndeti akasema, akikamua shuka yake. "Tushike ipi?"

Hapo Mumbua kidogo aseme ya kusini. Neno lilifika kwenye meno. Twende kusini, twende kokote, usinifikishe kwetu. Lakini akajiuliza atasema nini baba yake akisikia binti yake alimshika mume miguu njiani akilia asirudishwe. Akapiga moyo konde.

"Hii," akasema, akionyesha ya kwao.

Ndeti aliitazama ile ya kusini mara moja. "Ile ya reli ina vivuli vizuri," akasema. "Lakini haya. Umechagua wewe."

Jua lilikuwa limepinduka walipoliona boma la Musyoka. Na kabla hawajalifikia, Mumbua alijua yamekwisha. Kwenye ukingo wa boma walikaa wazee wanne kwenye vigoda vyao, wamejifunga mashuka ya heshima. Baba yake alikuwa katikati, amenuna. Na kando ya ua, wamefungwa kamba shingoni, walisimama mbuzi. Kwetu mke akirudishwa, baba yake humrudishia mkwe wanyama wake. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Keinan alikuwa amelala hapo usiku uliopita, akaeleza alichokiona: mke mbele, kiondo kimefungwa, macho mekundu, mume nyuma na mbwa. Hakusema uongo hata neno moja.

Ndeti alipokaribia, mlango wa nyumba kubwa ulifungwa upesi. Ndani alikuwa Nthenya, mama yake Mumbua. Hiyo ni nthoni, heshima ya mkwe na mama mkwe: hawaonani uso, hawasemezani, wakikutana njiani mmoja huingia vichakani. Ndeti akageuza shingo asiione nyumba, akasimama karibu na ghala, ambapo mtu anaweza kujificha ikibidi.

Musyoka hakumpa hata maji. "Ndeti wa Nzomo," akasema, "sisi hatumlazimishi mtu. Mbuzi wako wale pale."

Ndeti akatazama mbuzi. "Mbuzi wa nini, baba?"

"Unaniuliza mbuzi wa nini? Si umemrudisha?"

"Nani?"

"Huyu!"

Ndeti alimgeukia Mumbua, kisha wazee, kisha mbuzi, kisha Mumbua tena. Ilionekana wazi kwamba akili inamzunguka. "Mimi simrudishi mke wangu," akasema. "Nani amesema?"

"Kwa nini basi umemleta?"

"Sikumleta. Yeye ndiye amenileta mimi."

Wazee wakaguna. Ndeti akaendelea, na sasa alikuwa na kihoro cha mtu anayeshtakiwa asilolijua. "Kila njia panda nilimuuliza, tushike ipi? Kule Kanyangi akachagua hii. Kule mtoni, mimi nataka ya reli, akachagua hii. Nikasema, labda amewakumbuka wazazi. Haya, twende."

Macho yote yakamwangukia Mumbua. Ewe Mola! Ardhi ilimwendea mbio chini ya miguu. Alizihesabu zile njia panda kichwani, moja, mbili, na akaona kidole chake mwenyewe kikionyesha. Siku mbili alikuwa akilia moyoni kwamba anarudishwa, kumbe anayejirudisha ni yeye.

"Na wewe ulikuwa unakwenda wapi?" mzee mmoja akamuuliza Ndeti.

"Popote."

"Popote ni wapi?"

"Sijui, mzee. Ndiyo nilitaka kuona."

"Kuna mtu anatoka kwake kwenda asikokujua?"

Ndeti alikuna kichwa. Hakuwa msemaji, nimeshawaambia. Lakini alijaribu, na jasho likamtoka. "Mimi nimetembea sana," akasema. "Nimetumwa reli, nikaenda. Nimetumwa na chifu kuchimba barabara, nikaenda. Nimetumwa kubeba mizigo ya bwana fulani mpaka Machakos, nikaenda. Asubuhi ile niliamka, nikaitazama njia, na hakuna aliyenituma. Nikajiambia, kumbe inawezekana kupita hivi hivi."

"Na mke wa nini?"

"Sasa ningetembea na nani?"

"Wanaume hutembea na wanaume!"

"Wanaume siwapendi hivyo," Ndeti akasema.

Mzee mmoja alicheka akajifanya amekohoa. Mwingine, aliyekuwa mkali zaidi, akauliza: "Na mbwa je?"

"Mbwa walifuata. Wao hawakuuliza maswali mengi hivi."

Mumbua alihisi mambo manne kwa pamoja, na hakuna lililokubali kutangulia: furaha, aibu, hasira, na hamu ya kukaa chini. Hasira ndiyo iliyopata mdomo kwanza. "Kwa nini hukuniambia?" akamfokea.

"Hukuniuliza!"

"Ulikuwa umeshika upinde!"

"Upinde ni wa chui!" Ndeti akasema, ameumia kweli. "Ulitaka tuliwe?"

Hapo ingekuwa mwisho, watu wacheke, mbuzi mmoja achinjwe. Lakini Musyoka hakucheka. Musyoka alikuwa ameita wazee. Alikuwa ameazima kigoda. Tangu alfajiri maboma yote ya karibu yalijua kwamba binti yake anarudishwa, na yeye amejiandaa kupokea aibu hiyo kama mwanamume. Sasa aambiwe hakuna kitu, watu walikuwa wanatembea? Aliinuka.

"Mimi sichezewi," akasema. "Mtu anayetoka kwake bila sababu hana akili. Leo anatembea na mke, kesho atamwacha porini aliwe. Mbuzi wako chukua. Binti yangu amefika kwetu, na kwetu atakaa."

Wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa kukubali, kwa sababu mbuzi walikuwa wameshafungwa, na jambo lililoandaliwa hutaka kutendeka. Mumbua aliona hofu yake ya miaka sita imesimama mbele yake kwa miguu miwili, na safari hii haikuwa ndoto.

"Baba, sikai," akasema. "Sikurudishwa. Yule ni mume wangu, na namtaka."

"Hujaulizwa," Musyoka akasema.

Na kweli hakuwa ameulizwa. Na Ndeti? Mbele ya baba mkwe na wazee wanne, kijana asiye na mtoto atasema nini?

Mlango ukafunguliwa.

Nthenya alitoka akiwa amejifunika shuka usoni, mbwa wasimtambue wala mkwe asimwone. Ndeti aliruka nyuma ya ghala kama amepigwa jiwe. Wazee waliduwaa. Nthenya alikuwa mwanamke aliyejulikana kwa kutosema. Hata watoto wake walimwogopea ukimya. Akasimama mbele ya mume wake, ghala likiwa mgongoni.

"Musyoka," akasema, "nina neno moja."

"Rudi ndani. Mkwe yupo."

"Amejificha. Ana adabu." Akavuta pumzi. "Uliponioa ulinitoa Mbooni ukanileta hapa. Tangu siku hiyo nimetoka mlango ule kwenda mtoni, kwenda shambani, na kwenda kuzika. Nimekuzalia saba. Njia panda ya pale chini naipita kila siku na mtungi mgongoni. Hujawahi kusimama nami pale ukaniuliza, Nthenya, tushike ipi?"

Mbuzi mmoja alipiga chafya.

"Huyu mtoto ameulizwa mara mbili kwa siku mbili," Nthenya akasema. "Akachagua kuja kwa mama yake, kwa sababu hajui njia nyingine. Nani angemfundisha? Mimi? Mwache aende na mume wake, Musyoka. Ukimfungia hapa nitakufa kwa uchungu, na sitakufa kimyakimya."

Musyoka alikaa chini. Hakuwa mtu mbaya, huyu Musyoka. Alikuwa mtu ambaye hakuwahi kuulizwa swali hilo, na likamkuta hana jibu. Mwishowe akampungia mkono kijana wa mifugo aliyekuwa uani. "Wafungue hao mbuzi," akasema. "Warudi malishoni. Mumbua, nenda na mume wako. Nendeni huko, huko popote."

Mumbua alikimbilia ghala akamkuta Ndeti amechuchumaa amefumba macho, upinde magotini. Akamshika mkono. Hakuuachia.

Lakini Musyoka alikuwa bado anamtazama mke wake. "Nthenya," akasema, na akasema polepole, kwa sauti ambayo wazee wale hawakuwahi kuisikia kwake, "wewe ungeshika ipi?"

Mumbua, kutoka pembeni mwa ghala, alimwona mama yake akibabaika, akishika shuka, akiachia shuka, kama mtu anayetafuta kitu nyumbani kwake asikione. Miaka yote aliwaonea wivu waendao, na hakuwahi kufika mahali pa kujiuliza angekwenda wapi. Kisha akasahau. Akasahau nthoni, akasahau mkwe, akaiondoa shuka usoni ili aone vizuri, na akanyoosha mkono kusini, ambako vilima vya Chyulu vilikuwa vya buluu mbali kabisa, mwisho wa macho.

"Pale," akasema.

"Pale kuna nini?"

"Nitajuaje, Musyoka? Nimepatazama tu tangu unilete."

Wazee wakatazama miguu yao. Halafu nyuma ya ghala mtu akakohoa kikohozi cha adabu, na sauti ya Ndeti ikasikika, macho yake yakiwa bado yamefumbwa.

"Mumbua," akasema, "mwambie mama yako ni mwendo wa siku nne. Na Kibwezi maji yapo."

Nthenya aliyasikia kila neno. Hakuwa hata hatua sita kutoka hapo. Lakini heshima ni heshima. Akasimama, mkono bado umenyooka, akangoja binti yake amwambie. Mumbua akajaribu kusema, akalia, akajaribu tena.

"Mama," akasema, "ni siku nne. Na maji yapo."